Somo lianzie ku pane: namna ya kujenga kalasi yenye inatayarisha kijana kwa kazi ya kiwanda

Maneno tuliyosema Lubumbashi mbele ya wanafunzi wa seksio teknike, wazazi na walimu



Wengi wanatujua juu ya maji, barabara na umeme. Leo tunaleta jambo lingine, lenye halisikiki sana ku redio lakini linakula vijana kila mwaka: kile kinachofanyika ndani ya kalasi, kati ya ubao na benchi, kabla kijana hajaenda kutafuta kazi.

Tumtazame kijana mmoja. Munamujua wote, kwa sababu yuko ndani ya kila avenue. Amemaliza miaka minne ya humanités techniques, option électricité. Siku matokeo ya EXETAT yalitoka, mtaa ulipiga makelele, wakamumwangia poda nyeupe kichwani, mama akachinja kuku. Miezi mitatu baadaye anapata bahati: kampuni inamwita kwa jaribio. Wanamwonyesha mota iliyosimama na kumwambia maneno mawili tu: "Tafuta pane." Sheria ya Ohm anaijua. Tofauti ya mota sinkroni na mota asinkroni anaijua kwa kichwa, neno kwa neno, sawa vile ilikuwa mu kaye. Lakini mikono haijui ianzie wapi. Dakika kumi, jaribio limeisha. Kesho unamkuta anauza unité kando ya barabara ao anaendesha taxi-moto.

Watu watasema: vijana wa leo ni wavivu. Tunakataa. Yule kijana alifanya kila kitu alichoombwa. Alinakili, alishika, alijibu, alifaulu. Kama hawezi kutafuta pane, ni kwa sababu katika miaka minne hakuna siku moja ambayo somo lilimuomba kutafuta pane. Shida haiko ndani ya kichwa chake. Shida iko ndani ya namna somo limejengwa. Na kitu kilichojengwa na watu, watu wanaweza kukijenga upya.

1. Haki bila ufundi inabaki karatasi

Tunaishi juu ya shaba. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 juu ya shaba, na tangu 1911 tanuru la hapa lilianza kuyeyusha. Ile shimini ndefu na ule mlima mweusi wa takataka munaona kila siku ni ushahidi. Leo Kongo ni kati ya nchi tatu za kwanza duniani kwa kutoa shaba, na zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia inatoka kwetu, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Kuanzia hapa mpaka Likasi, Fungurume na Kolwezi, kuko viwanda vyenye pompa, mota, mikanda ya kubeba mawe, matangi ya asidi, na vyumba vikubwa ambamo umeme unavuta shaba safi kutoka ndani ya maji. Vyote hivyo vinaharibika. Kila kitu kinachozunguka, siku moja kitasimama. Na kila kinaposimama, kampuni inatafuta mtu wa kukirudisha ku kazi.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance inawekea kampuni zenye mtaji mwingi wa Wakongomani zile kazi ndogo ambazo kampuni kubwa hazifanyi zenyewe. Sheria za kazi zinaweka kikomo kwa wafanyakazi wageni. Tumepigania sheria hizi ziheshimiwe, na tutaendelea. Lakini tuseme ukweli kati yetu: siku tunaingia ofisini kudai nafasi, wakitujibu "leteni fundi mwenye anaweza, tumuandike leo", lazima tuwe naye pale mlangoni. Haki inafungua mlango. Ufundi ndio unakuingiza na kukubakisha ndani.

2. Mtihani unatufundisha nini?

Mwanafunzi anasoma kufuatana na mtihani. Hiyo si dhambi, ni akili. Kwa hiyo kama tunataka kujua shule inafundisha nini, tusiangalie programu tu, tuangalie mtihani.

EXETAT ya session ordinaire inafanyika kwa maswali ya kuchagua. Swali liko pale, majibu yako pale chini, wewe unachagua herufi. Kuna faida: kusahihisha maelfu na maelfu ya makaratasi kunawezekana. Lakini mota iliyosimama haikupatii majibu ya kuchagua. Haisemi: a) fyuzi, b) rele, c) rulma. Inanyamaza. Wewe ndiye utaiuliza maswali, moja baada ya lingine, kwa kipimo mkononi, mpaka ikujibu.

Ni kweli, seksio teknike iko na jury pratique. Njo mahali ambapo mikono ingepaswa kuonekana. Lakini jury pratique ni siku moja, kiisha miaka minne. Ukipima kwa siku moja kitu ambacho hukufundisha kwa miaka minne, hupimi kitu. Na mahali jury inageuka kuwa orodha ya michango, yaani kila mwanafunzi alipe kiasi fulani ili apewe pointi, hapo tumeuza alama kwa makuta na tumemtuma mtoto mbele ya umeme wa volti 400 bila kujua. Siku moja atakufa, ao ataua mwenzake. Tusiite hiyo msaada.

3. Jenga somo kutoka mwisho

Basi tunapendekeza nini? Kitu kimoja, na tunakirudilia ili kishikwe: mwalimu asianze ku tafsiri ya neno, aanze ku kazi. Ajiulize kwanza, "Mwisho wa mwezi huu, mwanafunzi wangu atafanya kitu gani kwa mikono yake, mbele yangu, bila mimi kumsaidia?" Kiisha arudi nyuma: ili afanye hicho, anahitaji kujua nini? Anahitaji kuhesabu nini? Anahitaji kuogopa nini? Hapo njo somo linazaliwa.

Tuchukue mfano wenye unafaa Kolwezi na unafaa pia mashini ya kusaga unga kule Katuba: mota ya faze tatu inayozungusha pompa imesimama, rele ya joto imeikata. Mwalimu ameandaa pane hiyo yeye mwenyewe kabla ya wanafunzi kuingia. Somo linachukua saa nne za kalasi, wanafunzi wanne kwa kila kikundi.

Saa ya kwanza ni usalama, na hakuna anayegusa kitu. Kata umeme. Funga swichi kwa kadena, na funguo ibaki ndani ya mfuko wa yule anayefanya kazi, isiwe ku msumari wa ukutani. Tundika kibao chenye jina lake. Kiisha pima kama kweli umeme umekwisha. Na kile kipimo chenyewe kijaribiwe mahali penye umeme kabla ya kupima na baada ya kupima, kwa sababu kipimo kibovu nacho kinaonyesha sifuri. Kila mwanafunzi anafanya mzunguko wote huo peke yake. Ku viwanda, hicho ndicho kitu cha kwanza wanachoangalia kwa mtu mgeni. Ukikosa hapo, hawasubiri kuona kama unajua hesabu.

Saa ya pili ni kusoma kibao cha mota na kuhesabu. Tuseme kimeandikwa: kilowati 4, volti 400, cos φ 0,83, na rendement 0,86. Mwanafunzi anatafuta ampea: watti 4.000 ugawe kwa 1,732 mara 400 mara 0,83 mara 0,86. Anapata karibu ampea 8,1. Sasa aende aangalie rele: mtu aliiweka ku 12. Hapo kikundi kizima kinaanza kuzungumza. Mota inahitaji 8, ulinzi umewekwa ku 12: huo si ulinzi, ni pambo. Mota inaweza kuzidiwa na kuungua polepole bila rele kusema neno. Huyu mwanafunzi hatasahau tena cos φ, kwa sababu safari hii cos φ imemusaidia kugundua kosa la mtu mwingine.

Saa ya tatu ni kutafuta. Njia moja tu inaruhusiwa: kutoka kule umeme unatoka, hatua kwa hatua, mpaka ku mota. Hakuna kurukaruka, hakuna kubadilisha kitu kwa bahati. Fyuzi tatu, moja baada ya nyingine: moja imeungua. Kontakta. Rele. Nyaya. Halafu bobini za mota: pima kati ya kila jozi, namba tatu zinapaswa kulingana. Shule yenye megohmmètre ipime kama umeme hauvuji kuelekea mwili wa mota. Mwisho zungusha shafti kwa mkono: inazunguka bila kukwama, ao rulma inalia? Sasa mwalimu aulize swali la fizikia: kwa nini faze moja ikikosekana rele inakata? Kwa sababu mota yenye mzigo, ikibaki na faze mbili, inavuta ku hizo mbili karibu mara 1,7 ya ile ya kawaida. Kwa mota yetu, 8 inakuwa karibu 14. Nadharia imefika, lakini imefika wakati mtu anaihitaji.

Saa ya nne ni kuandika na kueleza. Ripoti ya ukurasa mmoja: nini kilitokea, tulipima nini, tulikuta nini, tulibadilisha nini, na nini kifanyike ili isirudi. Swali la mwisho ndilo linatenganisha fundi na mtu wa kubadilisha fyuzi. Fyuzi haiungui bure. Kama hukutafuta kilichoiunguza, umebadilisha fyuzi, lakini pane ingali pale.

Na alama? Usalama pointi 6, njia ya kutafuta 6, vipimo na hesabu 4, ripoti 4. Jumla 20. Mwenye aligusa kabla ya kupima anapata sifuri ya somo lote, na anarudia siku ingine. Mwanafunzi anapewa jedwali hilo kabla ya kuanza. Hakuna siri, hakuna "mwalimu hanipendi", na hakuna bahasha. Alama iliyo wazi ni ngumu kuuza.

Tunawaambia pia walimu: hatuleti kitu cha kigeni. Programu mpya za sayansi za wizara zimekwisha kuomba somo lianzie ku situation, yaani tatizo la maisha. Tunaomba tu ile situation isibaki hadithi ndani ya kitabu. Iletwe juu ya meza.

4. "Lakini hatuna vifaa"

Hilo ndilo jibu la kwanza tunalolisikia, na halitoki hewani. Kuko atelye ambamo mashini ya mwisho ilinunuliwa wakati Gécamines bado ilikuwa Gécamines. Kuko wanafunzi sitini mbele ya mota moja. Kwa hiyo tuongee polepole.

Ya kwanza: somo tulilolieleza haliombi mashini mpya. Linaomba mota iliyotumika, kontakta, rele, fyuzi, multimetre, kadena na turnevisi. Mota iliyoungua, yenye hakuna mtu anaitaka, ni mwalimu mzuri sana. Unaifungua, unaona bobini zilizokuwa nyekundu zimekuwa nyeusi, unanusa, unaelewa maana ya "kuzidiwa". Mafundi wa bobinage kwenye mitaa yetu wako nazo kwa malundo.

Ya pili: umeme unakatika. Ndiyo, delestaje tunaijua. Lakini angalieni vizuri: nusu ya kazi ya fundi inafanywa bila umeme. Kufunga kadena, kusoma kibao, kuhesabu, kupima bobini, kupima fyuzi, kuzungusha shafti, kuandika ripoti: multimetre inatumia betri yake ndogo, haiombi SNEL ruhusa. Mwalimu apange masomo ya baridi kwa siku zisizo na umeme, na masomo ya moto kwa siku umeme upo. Delestaje itubanie usiku, isitubanie masomo.

Ya tatu: wanafunzi sitini. Pangeni zamu. Wakati vikundi vinne viko ku vipimo, vingine viko ku hesabu, vingine wanaandika ripoti na mwalimu wa Kifaransa, vingine wanachora skema. Hii inaomba walimu watatu ao wane wakae pamoja mara moja kwa juma. Wa hesabu ajue kwamba juma hili mwenzake anahitaji √3. Wa Kifaransa ajue kwamba dissertation ni nzuri, lakini ripoti ya pane nayo ni maandishi, na kuna siku itaokoa mtu. Mwalimu wa atelye aeleze kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, na ripoti iandikwe kwa Kifaransa kwa sababu njo lugha ya karatasi za kazi. Kuko pia maneno ya Kiingereza na ya Kichina ku vibao vya mashini za leo. Mwanafunzi aone picha za vibao hivyo akiwa ku masomo, asivikute mara ya kwanza siku ya jaribio.

Na ya ine, juu ya badada zetu. Angalieni kikundi chochote cha atelye: mvulana ameshika turnevisi, msichana ameshika kaye. Mwisho wa mwaka yeye anajua kuandika vizuri kile wengine walifanya. Hatuhitaji hotuba kubwa hapo. Zamu iwe sheria: kila saa kazi zinabadilishana, anayepima, anayeandika, anayelinda usalama, anayeeleza. Kila mtu apewe alama kwa kila kazi. Jambo limeisha.

5. Lakini tusijenge mtumwa wa mashini moja

Hapa tunaomba musikilize vizuri, kwa sababu watu wengine watafurahi na maneno yetu kwa sababu mbaya. Watasema: vizuri sana, shule itutengenezee wafanyakazi, basi. Hapana. Katanga imekwisha kulipia kosa hilo.

Union Minière, na kiisha Gécamines, zilikuwa na shule, hospitali, makambi, unga wa mwisho wa mwezi. Mtoto alizaliwa ndani ya kampuni, alisomea ndani ya kampuni, alifundishwa kazi ya kampuni. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470.000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaanguka, na mwaka 1994 kampuni nzima haikufikisha hata tani 50.000. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitolewa kwa ile operesheni iliyoitwa départs volontaires. Bazee wetu. Wengi kati yao walikuwa mafundi hodari, na wengi walianguka kwa sababu ufundi wao ulikuwa umefungwa ndani ya mashini moja, ya kampuni moja, kwa jina ambalo kampuni hiyo peke yake ilitumia.

Tena migodi ya leo haiwezi kuandika vijana wote. Kiwanda kikubwa cha shaba kinatumia mashini mingi na watu kidogo. Kwa hiyo swali la kujenga somo lina upande wa pili: kile ninachofundisha kinaweza kusafiri? Tuangalie tena somo letu la mota. Kufunga kadena na kupima kabla ya kugusa kunafaa mgodini, hospitalini, kwa kiwanda cha bia na ku mashini ya unga. Kutafuta pane hatua kwa hatua kunafaa mota, gari, solari na kompyuta. Kuandika ripoti kunafaa kila mahali. Mota ni mlango tu. Ndani ya nyumba kuko namna ya kufikiri.

Njo maana hatukubali pia kuondoa hesabu, historia na civisme ndani ya seksio teknike eti "hawa ni wa mikono". Fundi asiyejua kusoma mkataba atasaini utumwa wake. Fundi asiyejua haki yake ya kukataa kazi ya hatari ataingia ndani ya tangi ya asidi bila maski kwa sababu shefu amekasirika. Kumtayarisha kijana kwa kiwanda ni pia kumtayarisha kusema hapana ndani ya kiwanda.

6. Staje si kupiga chai

Munajua staje yetu inavyokuwa. Kijana analipa usafiri wake mwezi mzima, anafika, wanamtuma kununua mikate, anafagia, anasimama mbali kuangalia. Mwisho wanapiga muhuri: amekuwepo. Karatasi inasema staje, mikono inasema hakuna kitu.

Staje nayo ijengwe kutoka mwisho. Kabla kijana hajaondoka, shule na mahali pa staje waandike kazi tatu tu atakazofanya mwenyewe. Kwa mfano: kufunga na kufungua mashini kwa kadena, kubadilisha rulma ya mota ndogo, kuandika ripoti tano za pane alizoziona. Yule anayemsimamia asisaini "amekuwepo", asaini "nimemuona akifanya". Mwalimu apite mara mbili, hata kwa simu ikiwa pesa hakuna. Na kijana akirudi, asimame mbele ya wenzake aeleze pane moja, kwa sababu kalasi nzima inaweza kusoma kutoka staje ya mtu mmoja.

Tena staje isingoje kampuni kubwa. Garaji, mafundi wa soudure, bobinage, mashini za kusaga, karpenta wenye mashini: hicho nacho ni kiwanda. Kuko fundi ambaye hajapata diplome hata moja lakini anasikia rulma mbovu kwa sikio kabla haijavunjika. Shule imuite, imupe saa mbili kwa mwezi, imuite mwalimu. Hata bazee wa Gécamines wenye wako nyumbani leo: tunawapita barabarani tukiwasalimia tu, na wao wako na miaka 30 ya pompa ndani ya kichwa. Kila mzee anayekufa bila kufundisha, ni atelye moja imefungwa.

7. Tunaomba nini, na kwa nani?

Kwa shule: kila option iandike, kabla ya mwaka kuanza, kazi kumi ambazo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atakuwa anaweza kufanya peke yake. Kumi tu, kwa maneno ya kawaida, zibandikwe ku mlango wa atelye ili wazazi nao wasome. Mzazi anayelipa yuko na haki ya kujua anachonunua.

Kwa walimu wetu: tunajua mishahara, tunajua mulivyo. Hatuwezi kumuomba mwalimu afundishe kiwanda ambacho hajawahi kuingia. Kwa hiyo tunadai walimu wa teknike wapewe staje yao, majuma mawili ya likizo kila mwaka, wakiwa wanalipwa.

Kwa kampuni za migodi: Code minier, tangu ilipobadilishwa mwaka 2018, inaomba kila kampuni inayochimba itenge angalau 0,3 % ya chiffre d'affaires kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Hesabu ni nyepesi: kampuni iliyouza kwa dola miliari moja, hapo ni dola milioni tatu. Tunaomba sehemu ya pesa hiyo iende ku atelye, na si ku ukuta peke yake. Jengo lenye rangi nzuri bila multimetre ndani ni picha ya kupiga siku ya kukata riboni. Nunueni vifaa, nunueni vitu vya kuharibu, kwa sababu mwanafunzi anajifunza kwa kuharibu. Na zile mota munazotupa, zipeni shule zikiwa safi, bila asidi.

Kwa wakubwa wa mji na wa vijiji vya migodi: sheria hiyo hiyo inapatia entités za mahali 15 % ya redevance minière, na jimbo 25 %. Tutauliza kila mwaka, kwa maandishi, ni kiasi gani kiliingia ku shule za ufundi. Na INPP, yenye iko tangu 1964 na inalipwa na waajiri wenyewe, ifungulie wanafunzi wa mwaka wa mwisho milango yake siku mashini zake zimelala.

Kwa sisi vijana: tusingoje. Kuanzia juma hili tunaanza kufanya orodha ya mafundi na bazee wenye wako tayari kutoa saa mbili kwa mwezi, mtaa kwa mtaa. Mwanafunzi wa teknike anayetusoma, chukua kaye mpya, uandike pane moja kila juma: ya mashini ya unga ya jirani, ya pikipiki ya yaya wako, ya pompa ya kisima. Nini kilitokea, ulipima nini, ulikuta nini. Mwisho wa mwaka utakuwa na pane zaidi ya arobaini. Siku ya jaribio, kaye hiyo iweke juu ya meza pamoja na diplome. Na mtu akikuomba makuta ya jury, muombe kwanza akupatie mota.

Hatudai kila kijana aingie mgodini. Tunadai kwamba hakuna kijana atakayekaa miaka minne ku benchi na kutoka bila kujua kufanya hata kitu kimoja cha kazi aliyoisomea. Mutafute prefe wa shule yenu juma hili, mumuulize swali moja kwa heshima: "Papa Prefe, mwisho wa mwaka huu tutakuwa tunaweza kufanya nini?" Akijibu, mumsaidie. Akikosa jibu, mukae naye muliandike pamoja.